Aliyelizunguka Lango

Siku ya tatu tangu fundi seremala Hinokida Sokichi apotee, mji mzima wa Asakuni ulikuwa katika sherehe. Taa za karatasi zilining'inia kwenye kila mlango, filimbi zilikuwa zikilia tangu alfajiri, na magari manne ya mbao ya mungu wa mlima, ya kuvutwa kwa kamba, yalisimama uani mwa hekalu yakisubiri kutolewa, kila moja refu kama nyumba ya ghorofa mbili. Inspekta Kunieda Masuyo alikuwa nje ya lango la mawe, mkononi ana mshikaki wa vitonge vya mchele alioununua ili asionekane polisi. Alijidanganya. Kila aliyepita alimwinamia kichwa na kumwambia, "Pole na kazi, Inspekta."

Mkuu wake wa kazi alikuwa amempigia simu saa mbili asubuhi, sauti kavu.

"Kunieda, gari la huyo fundi limekutwa stesheni ya treni. Mtu mzima kapanda treni, kaenda zake. Mpaka saa nane mchana usiponiletea kitu, naandika kaondoka kwa hiari yake, na faili linafungwa."

Faili likifungwa, Konatsu, binti pekee wa Sokichi, angebaki kuwa mtoto wa mwanamume aliyewatoroka watu wake sherehe ikiwa mlangoni. Katika mji ule doa la namna hiyo halitoki kwa sabuni yoyote. Kunieda alizaliwa mitaa miwili tu kutoka pale na hakuiamini habari hiyo hata chembe. Sokichi alikuwa fundi mkuu wa Korongo, gari la mtaa wa Shimomachi. Kila mwaka, wiki nzima kabla ya sherehe, alilala chini ya gari hilo akizisikiliza mbao zake. Mtu huyo angeweza kwenda mjini bila suruali, lakini si kumwacha Korongo.

Ng'ambo ya mtaro, kwenye kiti cha kukunja, aliketi Mama Ushio wa mgahawa wa tambi, akitazama sherehe kwa mbali na mtandio wake mweusi. Alikuwa amemzika mumewe mwezi uliopita.

"Unaonaje, mama?" Kunieda alimsalimu.

"Naona migongo ya watu tu," alisema yule mama. "Lakini filimbi zinanifikia. Mwakani nitaingia, nikijaliwa."

Kunieda alimpa mshikaki uliobaki, kisha akageuka, maana mtu aliyekuwa akimsubiri alikuwa ametokea langoni. Mtu mwenyewe alikuwa mnene kama pipa, amevaa koti la sherehe lenye picha ya joka mgongoni.

"Onizuka Kichiji! Njoo hapa kidogo."

"Aa, Afande! Mnatufuata hata kwa mungu?"

"Mwaka jana gari lenu la Joka lilipogongana na Korongo pale konani, ulisema mbele ya baa nzima kwamba utamvunja Sokichi miguu."

"Nilisema."

"Alhamisi saa kumi na moja jioni ulikuwa wapi?"

Onizuka aliinua mkono wa kushoto. Ulikuwa umefungwa plasta kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye ncha za vidole. "Hospitali. Au unadhani hili ni pambo? Jumatano nilidondoka kutoka kwenye paa la Joka. Wenzangu walicheka kwanza, ndipo wakakumbuka kuniokota."

"Unaweza kuendesha gari la gia?"

"Nibadilishe gia kwa mkono upi? Wa mke wangu?"

Pikapu ndogo ya Sokichi ilikuwa ya gia za mkono, na mpini wake uko kushoto kwa dereva. Kunieda alilikata jina la Onizuka kwenye daftari lake palepale, yule bwana akimchungulia begani bila aibu.

"Umefuta? Asante. Sasa nisikilize, Afande," alisema Onizuka, na safari hii hakuwa akitania. "Yule mzee mrudisheni. Bila Sokichi mimi nitatukanana na nani? Na huyo mdogo wake? Yasumasa mwaka huu kawa mwali. Leo asubuhi viongozi wote tulikutana darajani, pale penye kamba ya hekalu inayoweka mpaka wa eneo la mungu, kunywa sake ya baraka. Kuhani kammiminia, yeye kamsogezea jirani. Hajatukana hata mara moja. Mtu aliyekuwa akitukana mpaka mbao zinaona haya!"

"Labda ana wasiwasi na kaka yake."

"Labda," alisema Onizuka, lakini uso wake haukukubali.

Kunieda alipita chini ya lango akaingia uani. Korongo alikuwa wa pili kwenye foleni, kuba lake la dhahabu likimeremeta, kamba zake mbili nene zimelazwa chini kwa urefu wa hatua sitini. Nyuma ya gurudumu la mwisho, juu ya sanduku la kabari za magurudumu, alimkuta Konatsu. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, amevaa koti la bluu lenye korongo mweupe, macho mekundu, na filimbi ya mwanzi kaichomeka mkandani kama kijiti kisicho na kazi.

"Umekula?"

"Sisikii njaa, shangazi." Konatsu alimwita hivyo tangu utotoni. "Mmempata?"

"Bado."

Konatsu alitikisa kichwa. "Baba mdogo kalifuta jina langu kwenye orodha ya wapiga filimbi. Baba alipigana na mtaa miaka mitatu wakubali mwanamke apige filimbi juu ya Korongo. Yeye kapotea siku tatu tu, baba mdogo kalifuta."

"Alikuambiaje? Nataka maneno yake mwenyewe."

"Alisema, 'Konatsu, leo usipande. Usiguse gari, usishike kamba, hata uani usiingie. Kaa nyumbani.' Nikamuuliza kosa langu nini, kanigeuzia mgongo. Nimeingia kwa ukaidi tu."

Kunieda alizitazama kamba. Bibi wa miaka themanini alikuwa ameshika moja kwa mikono yote miwili, na nyuma yake kulikuwa na wasichana wa shule wenye maua kichwani, wanagombania nafasi.

"Mbona kamba hata wanawake wanashika?"

"Wanashika. Hata paka wa kuhani angeachwa aishike. Nimekatazwa mimi tu."

Inspekta aliyaandika maneno yale kama yalivyosemwa. "Na Alhamisi baba aliaga vipi?"

"Alisema anakwenda kumwona baba mdogo, ana jambo la kumwambia kabla ya sherehe. Jambo la furaha, alisema. Alikuwa anacheka." Aliichomoa filimbi mkandani, akairudisha. "Shangazi, watu wanasema ana mwanamke Nagoya. Wananiambia mimi, uso kwa uso, huku wananipa chai."

"Waache waseme," alisema Kunieda, ingawa alijua kwamba baada ya saa nane hata serikali ingesema hivyohivyo.

Hinokida Yasumasa, mdogo wake Sokichi na kiongozi wa wavutaji wa Korongo, hakuwa kwenye gari lake. Kunieda alimkuta nje ya lango, ng'ambo ya mtaro, hatua chache kutoka kwa Mama Ushio. Alikuwa mtu mfupi, mkakamavu, wa miaka hamsini na saba, na alikuwa akitoa amri kwa upepeo wa karatasi na filimbi ya bati. Wote wa Shimomachi walivaa bluu na korongo. Yeye alikuwa na koti jeusi tupu.

"Mzee Yasumasa, watu wako wako ndani, wewe mbona uko nje?"

"Goti, binti Kunieda. Mawe ya uani yanateleza, goti halinisikii."

"Na koti lako la sherehe?"

"Limechanika. Liko kwa mshonaji."

"Siku ya leo?"

"Nguo haichagui siku ya kuchanika."

"Alhamisi kaka yako aliaga kwamba anakuja kwako."

"Nimeshasema kituoni mara mbili. Hakufika. Nikiimba ndiyo mtaniamini?"

Hilo walau lilikuwa jibu la Yasumasa aliyemzoea. Kunieda aliliacha lipite. "Konatsu umemkataza kwa nini?"

Macho ya yule mzee yalikimbilia langoni, yakarudi. "Mambo ya mtaa."

"Kwa sababu ni mwanamke?"

"Ndiyo," alisema upesi. "Kwa sababu ni mwanamke. Andika hivyo."

Alilipokea neno lile kama mtu aliyepewa mwavuli katikati ya mvua. Kunieda aliandika. Hapo alidhani amepata chanzo cha ugomvi wa ndugu wawili: binti, filimbi na ukaidi wa mtaa. Alidhani vibaya, na baadaye hakujisamehe upesi kwa hilo.

Sajini Torigoe alikuja mbio akijifuta jasho. Alikuwa mtu wa Osaka mwenye miaka ishirini na mitano kazini, asiyependa milima, baridi wala kelele za ngoma. Alileta ripoti ya ile pikapu.

"Usukani umefutwa, milango imefutwa, mpini wa gia umefutwa," alisema. "Mtu anayepanda treni kwenda kwa hawara hafuti usukani. Na kiti kimevutwa mbele kabisa. Sokichi alikuwa na urefu gani?"

"Akiingia kwangu huinama mlangoni."

"Basi si yeye aliyeliendesha mara ya mwisho. Kaliendesha mfupi."

"Kingine?"

"Kipo cha ovyo. Kile kihirizi cha hekalu kinachoning'inia kwenye kioo cha mbele kimefunikwa kwa karatasi nyeupe na kufungwa selotepu pande zote. Vijana wa maabara wanasema labda kuzuia jua kisipauke."

"Hebu."

Torigoe alimwonyesha picha kwenye simu. Karatasi ilikuwa imekunjwa kwa uangalifu, pembe kwa pembe, kama inavyokunjwa na mtu ambaye mikono yake imefanya kazi hiyo kabla.  Alikuwa ameiona karatasi ya namna hiyo, nyumbani kwake mwenyewe. Kabla hajakumbuka lini, kelele zililipuka uani.

Korongo alikuwa anatoka. Wavutaji walikuwa wameshafika langoni, na gari zito lilikuwa likishuka mteremko mfupi wa mawe kuelekea nguzo mbili za lango, wapiga ngoma sita juu yake. Gurudumu la kulia lilikuwa limekanyaga ukingo wa jiwe lililolegea. Likateleza. Gari lote likainama kuelekea nguzo ya lango, taratibu, kwa mlio wa mbao uliofanya watu wazima wafumbe macho. Kijana aliyekuwa na kabari aliidondosha, ikateleza mbali naye.

"Yasumasa!" watu walipiga ukelele. "Kabari! Yasumasa!"

Wengi wa Shimomachi hawakuwahi kuona mtu mwingine akitia kabari mahali pale. Kwa miaka thelathini ilikuwa kazi ya mikono yake. Na kweli Yasumasa alikuwa ameshaanza kukimbia. Aliruka mtaro kama mtu wa miaka ishirini, lakini hakupita langoni, ingawa lango lilikuwa wazi mbele yake na ndiyo njia fupi. Alizunguka nje ya nguzo, akakanyaga matope, akapenya kwenye vichaka, akatokea uani kwa upande wa pili, akafika kwenye gurudumu. Kabari ilikuwa miguuni pake.

Hapo alisimama. Mikono yake ilikwenda mbele, kisha akairudisha nyuma na kuifumbata mgongoni.

"Shika, wewe mtu! Shika!"

Hakushika. Gari lilizidi kuinama. Mpiga ngoma mmoja alianza kulia.

Konatsu ndiye aliyepita katikati ya watu. Aliokota kabari na kupiga goti mbele ya gurudumu lenye uzito wa nyumba.

"Konatsu, usiguse!" Sauti ya Yasumasa ilipasuka. "Usiliguse gari! Toka! Toka hapo, mwanangu!"

Konatsu alimtazama mara moja tu, kwa chuki, kisha akaisukuma kabari kwa nguvu zote chini ya gurudumu, kama baba yake alivyokuwa akimwonyesha tangu ana miaka saba. Gurudumu lilipanda, likasita, likageuka. Korongo akanyooka na kupita katikati ya nguzo, kuba lake likiwa upana wa kiganja tu kutoka kwenye jiwe.

Mtaa wote ulipiga kelele. Watu walimnyanyua Konatsu mabegani na kumpandisha juu ya gari, na safari hii hakuna aliyeuliza nani kafuta jina la nani. Muda si mrefu filimbi yake ilisikika juu ya ngoma zote. Katika msukosuko ule hakuna aliyemwangalia Yasumasa, aliyekuwa amepiga magoti kwenye matope, akiinamisha kichwa kuelekea hekaluni tena na tena kama mtu anayeomba msamaha kwa kosa la mwingine.

Kunieda alikuwa akimwangalia.

"Mwoga huyo," alisema Torigoe.

"Goti lake umeliona?"

"Zima kuliko langu."

"Na lango umeliona alivyolizunguka?" Kunieda alimshika mkono akamvuta kando. Alizungumza polepole, kwa maana alikuwa akilipanga jambo neno kwa neno. "Torigoe, mama yangu alipofariki, sikupita chini ya lango hili siku hamsini; nikilazimika kuingia, nilizunguka nje ya nguzo. Sikugusa kamba wala sikunywa sake ya baraka. Nyumbani rafu ya mungu tuliifunika karatasi nyeupe, ili uchafu wa kifo usimfikie. Kila mtu hapa hufanya hivyo. Yule mama pale kwenye kiti cha kukunja, unadhani kakaa ng'ambo ya mtaro kwa kupenda?"

Torigoe alimtazama Mama Ushio, kisha akaitazama picha kwenye simu. Alikuwa polisi mzuri, na uso wake ulibadilika.

"Karatasi kwenye kihirizi."

"Aliyeipeleka pikapu stesheni alijua tayari kwamba kuna msiba. Alifuta kila kitu, lakini hakuweza kuendesha mbele ya mungu bila kumfunika. Na gundi ya selotepu?"

"Hushika alama za vidole," alisema Torigoe. "Kwa upande wa ndani hakuna anayefuta." Alikuwa ameshaanza kubonyeza namba ya maabara.

Yasumasa alikuwa amerudi mahali pake ng'ambo ya mtaro, kwa njia ileile ya vichakani. Mbele yao, kwenye uwanja nje ya lango, Korongo alikuwa amesimama kupiga nyimbo zake huku akiyasubiri magari mengine. Kunieda alikaa kwenye benchi karibu na yule mzee. Waliisikiliza filimbi.

"Anapiga vizuri," alisema Kunieda.

"Mshusheni," alisema Yasumasa. "Nakuomba, binti Kunieda. Mshusheni pale juu."

"Nani kafa, Mzee Yasumasa?"

Upepeo ulisimama mkononi mwake. "Sijui unasema nini."

"Hukupita langoni. Hukunywa sake. Kabari ilikuwa miguuni pako na gari linaanguka, na wewe ukaifunga mikono. Una msiba. Nakuuliza wa nani. Mkeo nimemwona asubuhi anakaanga tambi, mzima. Wakwe zako nimeongea nao jana kwa simu. Wazazi wenu tuliwazika zamani. Nyumba ya Hinokida imebaki na watu wanne. Watatu nimewaona leo kwa macho yangu."

"Sokichi kaondoka. Pikapu iko stesheni."

"Aliyeondoka hawekewi matanga. Na Konatsu umemkataza hata kamba. Ukataka niandike ni kwa sababu ni mwanamke, ukakubali mtaa mzima ukuone mshenzi. Kumbe ulikuwa unamzuia aliyefiwa asimguse mungu, na mwenyewe hajui kama kafiwa."

Yasumasa aliukunja upepeo. Kunieda akaendelea.

"Karatasi uliyoifungia kile kihirizi iko maabara. Wanaibandua selotepu sasa hivi. Nikuulize kabla hawajanipigia, au baada?"

Torigoe alikuwa amesimama nyuma yao, simu sikioni, akitazama pembeni kwa adabu. Kunieda aliinama karibu zaidi.

"Tumepekua banda analowekwa Korongo, ghala la mtaa, kisima, bwawa. Tumepoteza siku mbili, na kosa ni langu. Ningekujua vizuri, nisingetafuta hata hatua moja upande huu wa mto. Wewe usingemwacha maiti ndani ya kamba ya hekalu. Kamba inaishia darajani. Ng'ambo yake familia yako ina nini?"

Alisubiri. Akajijibu mwenyewe.

"Kiwanda cha kupasulia mbao cha baba mkwe wako. Kimefungwa miaka sita."

Yule mzee alilia ghafla, bila sauti, mdomo wazi. 

"Alinikuta kule. Nilikwenda kuchagua mti wa kabari mpya. Akaja na nyundo ya fundi mkuu, ile anayokabidhiwa mrithi, kaifunga kwenye kitambaa. Nikadhani kaniletea. Miaka thelathini nimesimama nyuma yake, binti Kunieda, nikadhani sasa kaniletea. Akacheka, akasema, 'Nampa Konatsu. Nimetaka uwe wa kwanza kujua. Utamfundisha kabari.' Nikamsukuma. Mara moja tu. Kichwa kikakuta chuma cha msumeno."

"Hukuita daktari."

"Hakuhitaji daktari."

"Hukutuita sisi."

"Fundi mkuu akifa, mtaa mzima hauvuti. Korongo hajakosa kutoka tangu enzi za mababu. Nilisema atoke tu. Atoke, arudi, Jumatatu nije kituoni mwenyewe." Aliinua uso. "Nimemfunika. Usidhani nimemtupa. Nimemfunika kwa koti langu."

Kunieda alimpa Torigoe ishara. Sajini aliondoka upesi kuelekea darajani, akiwaita askari wawili wamfuate. Kwa dakika ishirini na tano inspekta na mzee walikaa benchi moja kama majirani, na watu walipita wakawainamia vichwa wote wawili. Joka alitoka langoni akifuatana na matusi ya Onizuka. Kunieda hakumfunga pingu. Angekimbilia wapi mtu ambaye hata njia fupi haipiti?

Simu ilitetemeka.

"Tumempata," alisema Torigoe, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na ubishi. "Amelazwa kwenye mbao safi, mikono kifuani. Koti la bluu juu yake. Nyundo iko pembeni, bado kwenye kitambaa. Nakuja. Mpeleke kwenye gari letu, liko uani kwa kuhani. Barabara nyingine zote zimefungwa."

Saa ilikuwa sita kasoro dakika chache. Faili halitafungwa, na Sokichi hatasemwa tena kwamba alitoroka. Kunieda alitegemea kujisikia vizuri kwa hilo, na hakujisikia vizuri hata kidogo. Aliinua macho. Juu ya Korongo, Konatsu alikuwa anapiga kwa moyo wote, mashavu mekundu, uso wa mtu aliyepata siku moja njema katikati ya siku mbaya. Inspekta aliamua: amalize wimbo huu. Nitakwenda mwenyewe, nitampeleka kando, nitamwambia taratibu.

"Twende, Mzee Yasumasa."

Walivuka mtaro, yeye amemshika kiwiko. Lango lilikuwa mbele yao, wazi kabisa sasa, na gari la polisi lilionekana ndani kabisa, karibu na nyumba ya kuhani. Yasumasa alisimama.

"Binti Kunieda," alinong'ona. "Nakuomba."

Angeweza kumvuta, sheria ingemruhusu. Lakini alizaliwa mitaa miwili kutoka pale. Alimwongoza kushoto, nje ya nguzo, kwenye matope na vichaka, na walipofika usawa wa lango yule mzee aliinamisha kichwa, na Kunieda naye, bila kufikiri, akainamisha cha kwake.

Ni hapo filimbi ilipokatika.

Ngoma ziliendelea zenyewe kidogo, kisha nazo zikaparaganyika. Kunieda aligeuka. Konatsu alikuwa amesimama juu ya gari, filimbi bado karibu na mdomo, macho yake yamemganda baba yake mdogo. Kutoka kule juu alikuwa ameona kila kitu. Alimwona mzee akilikwepa lango, alimwona polisi akimwacha alikwepe, na mkono wa polisi ukiwa kwenye kiwiko. Tangu utotoni alikuwa amewaona watu wakipita upande ule wa nguzo, na hakuwahi kuhitaji kuelezwa sababu.

Aliitazama mikono yake mwenyewe, ile iliyotia kabari. Kisha akaichomeka filimbi mkandani, akavua koti lenye korongo, akalikunja na kumkabidhi mpiga ngoma aliyekuwa jirani yake. Akaanza kushuka. Hakuna aliyemuuliza kitu. Watu walimpisha, na kelele za uwanja zikashuka mpaka zikasikika nyayo zake kwenye mawe.

Alikuja moja kwa moja hadi mbele ya lango, hatua tano kutoka chini ya jiwe.  Konatsu alisimama akalitazama lango kwa muda, kama mtu anayesoma barua mara ya pili.

Kisha akageuka kushoto, akashuka kwenye matope, akalizunguka.